Unakatwa ya nyumba kila mwezi, na nyumba je? Maswali yenu na majibu

Wasomaji wetu, safu ya mwezi huu yote ni ya nyumba. Meseji zimeingia nyingi na karibu zote zinazunguka mambo mawili, pesa inayokatwa kwa mshahara na nyumba za bei nafuu zinazojengwa na serikali, na nimeona wengi mnayachukua kama jambo moja. Si jambo moja kabisa, na hapo ndo maumivu mengi yanaanzia. Barua zingine nimezifupisha, mtanisamehe, ukurasa ni mmoja.

Mimi ni mwalimu wa praimari. Mshahara wangu kabla ya makato ni 48,000 na kila mwezi pesilipu inaonyesha 720 ya nyumba. Nishajenga kwetu, sina haja na ghorofa ya Nairobi. Hii pesa ni akiba yangu? Nikistaafu nitarudishiwa? – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, jibu ni hapana, na ni heri ulisikie hapa kuliko ulisubiri miaka ishirini. Hio 720 ni ushuru, kama ile ya mafuta au ya mkate, ikishatoka imetoka. Haina jina lako, haikupi nyumba na haikupi nafasi ya mbele kwa foleni ya nyumba.

Lakini najua kwa nini unauliza, na si wewe peke yako. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoletwa bungeni mara ya kwanza ulikuwa unasema tukatwe asilimia 3, na kwamba asiyepata nyumba angeruhusiwa kuitoa pesa yake baada ya miaka 7 ama aihamishie kwa pensheni. Hio ndo habari watu walishika. Alafu ikabadilishwa, ikashuka hadi asilimia 1.5 na ikageuka kuwa ushuru wa kawaida, na ile sehemu ya kurudishiwa ikatoka kimya kimya. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanakiuka katiba, sababu mojawapo ikiwa yanawabana wenye ajira rasmi peke yao na kuwaacha wengine. Serikali ikarudi bungeni ikatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, Rais Ruto akaitia saini tarehe 19 Machi 2024, na safari hii ikasema kila mwenye kipato atoe asilimia 1.5, awe ana pesilipu ama ni wa juakali. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaikubali hio ya pili. Kwa hivyo saa hii makato ni halali.

Kuna mawili ambayo mwalimu unafaa kujua. La kwanza, mwajiri wako naye anatoa 720 yake, sio kwako, kwa mfuko wake, kwa hivyo jina lako linaleta 1,440 kila mwezi. La pili, tangu mwisho wa Desemba 2024 hio pesa inatolewa kabla ya kupiga hesabu ya PAYE, ile kodi ya mshahara. Kwa mshahara wako wewe uko kwa kiwango cha asilimia 30, maana yake ile 720 inakupunguzia kodi kama 216 hivi. Angalia pesilipu yako, ukiona PAYE inapigwa kwa mshahara wote bila kutoa hio kwanza, uliza wanaohusika na mishahara.

Mimi kwa maoni yangu sina shida na mwenye nacho kumchangia asiye nacho. Shida yangu ni vile watu waliachwa waendelee kuamini wanaweka akiba. Mtu akijua ni ushuru atauliza maswali ya mlipa ushuru: zimejengwa ngapi, wapi, nani kapewa, kwa bei gani. Akidhani ni akiba atanyamaza akingoja. Wewe usinyamaze, katiba yetu kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha, na pesa yako ndo inatumika kutekeleza hilo, uliza.

Nauza mboga Mukuru. Kuna siku napata 700 na kuna siku napata 200. Nalipa kodi ya chumba cha mabati, choo ni cha watu wengi na maji nanunua kwa mtungi. Hizi nyumba mpya naziona kwa macho, ni za watu kama mimi kweli ama ni za wenye pesa? – Mama wa watoto watatu

Mama, asante kwa kuandika. Hili swali lako ningelipa ukurasa mzima kama ningeweza.

Kwa sheria, ndio, ni zako. Wameweka watu kwa vikundi kulingana na kipato. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi ako kwa kundi la nyumba za kijamii, kutoka 20,000 hadi 149,000 ni kundi la nyumba za bei nafuu zenyewe, na juu ya hapo kuna kundi la tabaka la kati. Wewe uko kundi la kwanza, na hapo riba ndo ya chini kabisa, asilimia 3, wakati kundi la pili ni 6. Ule mradi unaouona hapo Mukuru umepangiwa nyumba 13,248 na za kwanza 1,080 zilipeanwa funguo Mei 2025. Chumba kile kidogo cha mita 20 za mraba kilitangazwa kwa malipo ya 3,900 kwa mwezi, kwa muda wa miaka 30.

Sasa tupige hesabu yako polepole. 3,900 ni kama 130 kwa siku, kila siku, hata ile ya mvua na ile mtoto amelazwa. Siku ya 700 utaitoa bila shida. Siku ya 200 itakuacha na 70 na watoto watatu, na hapo ndo najua watu wanaangukia. Landilodi wa mabati, hata awe mkali aje, mnajuana, unamwambia nipe hadi Jumamosi na anakupa. Mfumo wa benki na kompyuta haukujui. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi popote uliza maswali haya na usiogope kuonekana msumbufu: nikikosa mwezi mmoja nini kinafanyika? Nikikosa mitatu? Nikifukuzwa, zile nimelipa zinaenda wapi? Naweza kulipa kidogo kidogo kila siku ama lazima iwe mwisho wa mwezi? Na sevisi chaji, ile ya taka, taa za ngazi na mlinzi, iko ndani ya hio pesa ama ni kando?

Alafu kuna dipoziti. Uliza ni asilimia ngapi ya bei kwa kundi lako. Unaweza kuiweka pole pole kwa Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuombea hizi nyumba, kama akiba ya hiari, na hii sasa, tofauti na ile ya mwalimu hapo juu, ni pesa yako yenye jina lako. Kujiandikisha unahitaji kitambulisho na PIN ya KRA, ile namba yako ya mamlaka ya ushuru, na ukishindwa na simu nenda Huduma Centre watakusaidia bila malipo.

Naandika hivi si kukutisha mama. Mlango unaofungika, choo ndani, maji kwa bomba, watoto wasomee kwa taa, hayo ni maisha tofauti kabisa na nakuombea uyapate. Ila serikali ikiwa inamtaka mama mboga kweli, basi ipange malipo yafuate vile mama mboga anapata pesa. Kumwekea ratiba ya mtu wa mshahara ni kumpa nyumba kwa mkono mmoja na kuichukua na ule mwingine, na hili nitalirudia kila mwezi hadi lirekebishwe.

Kuna jamaa anasema anajua mtu ndani ya ofisi, nikitoa 50,000 jina langu litasukumwa juu. Amenionyesha hadi picha za nyumba. – Kijana, Thika

Usitoe. Hata shilingi. Maombi yote yanapitia Boma Yangu na dipoziti inalipwa huko huko kwa akaunti yako, hakuna ajenti na hakuna malipo ya M-Pesa kwa namba ya mtu. Picha za nyumba kila mtu anaweza kupiga akisimama barabarani. Ukishatoa utakuwa umeibiwa na pia umehonga, kwa hivyo hata kuripoti utaogopa, na huyo jamaa anajua hivyo. Weka meseji zake zote na upeleke kwa polisi sasa hivi kabla hujatoa kitu.

Mimi na mke wangu tunapata kama 95,000 kwa mwezi tukijumlisha. Tumewekeza kwa sacco. Tuchukue mogeji ya benki, tungoje nyumba ya serikali, ama tununue ploti tujenge pole pole kama wazazi wetu? – Baba Junior, Machakos

Baba Junior, hapa nitaandika namba kidogo ju bila namba tutapiga domo tu.

Chukua nyumba ya milioni 2. Toa dipoziti ya 200,000, unabaki na deni la 1,800,000. Kwa riba ya asilimia 6 ya mpango wa serikali na miaka 30, unalipa karibu 10,800 kwa mwezi. Deni hilo hilo benki ikikupa kwa asilimia 15 na miaka 15, unalipa karibu 25,200 kwa mwezi. Ukiangalia hio tofauti utaelewa kwa nini nchi nzima hii yenye watu zaidi ya milioni 50 ina mogeji takriban 30,000 pekee. Watu hawakatai mogeji kwa sababu ya mila za ploti, wanakataa kwa sababu hesabu haiingii.

Lakini usikimbilie pia ile 10,800 ukiona ni tamu. Mara miezi 360 ni karibu 3,885,000, na ukiongeza dipoziti umenunua nyumba ya milioni 2 kwa milioni 4 na kitu. Si wizi, ndo vile deni refu linafanya kazi, lakini ukipata bonasi ama gawio la sacco lipeleke kwa deni mapema, uliza kwanza kama kuna faini ya kumaliza kabla ya wakati. Na ujue kwa huu mpango wa serikali wa kulipa polepole taito didi haiji kwako hadi umalize, wakati mogeji ya benki taito inakuwa na jina lako ingawa benki imeishikilia.

Kuna njia ya katikati watu wengi hawaijui. Kuna kampuni ya KMRC iliyoanzishwa 2018, serikali ikiwa na hisa pamoja na benki na sacco kadhaa. Yenyewe haikukopeshi wewe, inakopesha benki na sacco kwa riba ya chini ili nazo zikukopeshe kwa chini ya asilimia 10. Sacco yenu ikiwa mwanachama wa hio kampuni, hapo ndo ningeanzia mimi kabla ya kwenda benki yoyote. Waulize tu.

Na kama ni nyumba yenu ya kwanza chini ya mpango wa bei nafuu, ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, umeondolewa. Kwa kawaida mjini ni asilimia 4, kwa hio nyumba ya milioni 2 ni 80,000 mmeokoa. Mtu wa kuwauzia akiwaambia mlipe hio, mwambieni awaonyeshe sheria.

Ploti? Ploti ni nzuri kama mko tayari kungoja miaka na kama mmeifanyia sachi kwa ofisi ya ardhi wenyewe, si kwa karatasi ya muuzaji. Lakini mkijenga pole pole mtakuwa mnalipa kodi na kununua simiti wakati mmoja, na bei ya simiti na mabati haiwangojei. Mimi ningesema hivi, kama mnafanya kazi Machakos na mtabaki Machakos, angalieni kwanza kama kuna mradi karibu. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na kazi inakula nauli hadi ile nafuu inaisha, na watu wawili wakipanda matatu kila siku mara mbili si pesa kidogo.

Bwana yangu amejiandikisha kwa jina lake peke yake, na dipoziti tunachanga wote, mimi ndo natoa zaidi. Nikimuuliza anasema mke na mume ni kitu kimoja. – Dada, Nakuru

Dada yangu, mpende bwanako na uweke risiti. Kila shilingi unayotoa itoke kwa namba yako ama akaunti yako moja kwa moja, usimpe mkononi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya nyinyi wawili, na mchango wako unahesabika, lakini mahakamani mchango ni ule unaweza kuonyesha. Kaa naye muulize kama mnaweza kuandikishwa wote kabla ya mkataba kutiwa sahihi, baada ya hapo inakuwa ngumu zaidi. Na kama mmeoana kienyeji na hamjasajili ndoa, nendeni mkasajili, hilo usilicheleweshe hata kidogo.

Nimeangalia, kampuni inanikata ya nyumba lakini nasikia haipeleki KRA. Hio ni shida yangu? – Msomaji, Mombasa

Si deni lako, ni la mwajiri. Yeye ndo anafaa kuipeleka pamoja na ile yake ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha, akichelewa anatozwa asilimia 3 kwa kila mwezi ya kile hajalipa. Wewe weka pesilipu zako na ile fomu ya P9 ya kila mwaka. Ila kama haipeleki hio, angalia na NSSF ya pensheni na SHA ya matibabu haraka sana, ju hizo zikikosekana wewe ndo utaumia ukiwa mgonjwa ama ukistaafu.

Nimekaa Kibera tangu nikiwa kijana, sasa ni mzee. Niliona watu wakipewa ghorofa za Soweto Mashariki, na baada ya muda wengine wakazipangisha na kurudi kwa mabati. Mnafikiri hizi mpya zitakuwa tofauti? Kwani si afadhali tugawiwe viwanja tujijengee? – Mzee, Kibera

Mzee wangu, shikamoo. Umeuliza kitu ambacho wengi wanakiongea pembeni.

Zile nyumba 822 za Soweto Mashariki zilipeanwa 2016, na ni kweli uliyoyaona. Watu wanawalaumu wale waliopangisha, wanasema masikini hathamini. Mimi nakataa hio lugha. Mtu akipewa vyumba viwili ambavyo vinaweza kumwingizia kodi kuliko vile anapata kwa kibarua, na shule ya watoto inadai, atapangisha, na mtu yeyote angefanya hivyo. Alihitaji pesa ya kila siku kuliko alivyohitaji ghorofa. Wengine pia hawangeweza kuuza sukuma ama kuchoma mahindi mlangoni wakiwa gorofa ya nne, na mlango ulikuwa ndo duka.

Sheria mpya inajaribu kuzuia hili, huwezi kuuza nyumba yako bila Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu kukubali kwa maandishi. Ni vizuri kwa upande mmoja, inazuia matajiri kununua jengo zima kupitia majina ya watu. Lakini kumfunga mtu kwa nyumba asiyoiweza haimfanyi aiweze. Kile kingesaidia ni nafasi za biashara hapo chini zipewe wakaaji wenyewe kwanza, na kwa wale hawawezi kununua waruhusiwe kupanga tu kwa kodi ndogo, iwe nyumba ya serikali na mtu akae kwa amani. Si kila mtu lazima awe mwenye nyumba, wengine wanataka tu wasifukuzwe.

Kuhusu viwanja mzee, hilo tulishalifanya hapa hapa. Dandora ilianza hivyo 1975, Benki ya Dunia ikasaidia, viwanja karibu 6,000 vikawekewa maji, choo na barabara na watu wakaambiwa wajijengee. Familia nyingi zilipata pa kuanzia kweli, na wengine wakajenga vyumba vya kupangisha ndo watoto wakasoma. Lakini miaka ilivyoenda kila nafasi ikajengwa juu na kando, maji na mitaro ya choo iliyopimiwa watu wachache ikalemewa, na jiji halikurudi kuipanua. Kwa hivyo mimi sipingi viwanja hata kidogo, kwa mji kama Kitale ama Migori vinaweza kufanya kazi kuliko ghorofa. Kwa Kibera, vile ardhi imebana na vile watu mko wengi, kila mmoja kupata kiwanja haiwezekani bila wengine kuhamishwa mbali na kazi, na najua wewe hutaki hivyo.

Kama watakuja kuandikisha watu hapo kwenu, hakikisha jina lako linaandikwa siku ya kwanza na uombe nakala yenye namba. Nenda na jirani mwaandikishwe pamoja. Na muitishe orodha ibandikwe ukutani pale kwa chifu kila mtu aisome, majina yote, kabla ya mtu yeyote kuvunjiwa nyumba.